Maji ya Mtaro

Goti langu la kulia ni chuma,
mwaka wa tatu sasa. Mwaka wa kwanza lilikuwa goti.
Mwaka wa pili likashika joto,
mgeni asiyeaga.

Dawa nimemeza hadi mkojo ukanuka duka la dawa.
Vijidudu vimejifumia utando juu ya chuma,
vimejifunika gubigubi,
vinazisikia sindano kama mvua juu ya bati la jirani.

Ndipo akaja Mwakidudu wa maabara
(naapa ndilo jina lake, la babu zake Wadigo)
akaniambia wamepata kirusi,
kinachowala bakteria wangu, wangu tu,
kama ufunguo na kufuli yake.
"Kimetoka wapi?"
Akatazama viatu.
"Mtaro wa Kongowea, nyuma ya soko."

Mtaro ule! Niliouruka miaka arubaini
nimekunja buibui hadi magotini,
na nikifika nyumbani natia udhu upya
kwa tone moja tu la shaka.

Wamekichuja, wamekiosha, ni maji meupe
ndani ya bomba la sindano.
Nikasema bismillahi, nikanyoosha mguu.

Leo siku ya tisa. Joto limepungua, au nimelizoea.
Bado naswali kitini.
Lakini alfajiri niliweka kiganja juu ya kovu
nikamnong'oneza yule wa mtaroni:
kula, mwanangu,
kula usibakize.