Mita Mia Mbili

Barua ya halmashauri wameibandika getini, Kitangari:
soda marufuku, mita mia mbili kutoka shule.
Nikapima kwa hatua.
Meza yangu ingeangukia katikati ya makaburi.

Miaka tisa nimeuza chupa zile;
ndizo zilizomvusha Mfaume kidato cha nne, nisizitukane.

Basi nikakamua mabibo,
nikachuja, nikatia kwenye ndoo yenye mfuniko.
Mwalimu Chilumba akanusa kikombe mara mbili.
"Si uraka, mwalimu. Juisi ya leo asubuhi."

Akaja Akuche, meno ya mbele yameoza,
akaonja, ukakasi ukamkunja uso.
"Sukari iko wapi?"
"Imezama chini," nikamwambia.

Akanywa hadi mwisho,
akiitafuta.