Kuni za Asiyejulikana

Ufunguo wa Sinyori Ettore uko juu ya friji,
mrefu kama mwiko wa uji, una kutu ya chumvi ya Malindi.
Miaka kumi na tisa nilimpikia, kule Casuarina.
Alipokufa, wanawe walibeba saa na michoro;
mimi wakaniachia sufuria mbili, na huu.

"Ni wa kibanda changu," aliniambia zamani,
"juu ya mlima uliobeba nchi mbili mgongoni.
Ukikoroga supu uko Italia;
ukitoka kukojoa, umeingia Uswisi bila pasipoti."
Akacheka mpaka akakohoa.

Mimi baridi naijua kwa kipimo cha friza.
Nilikuwa naingiza mkono kati ya changu na pweza,
nahesabu hadi mia, hadi vidole si vyangu tena,
najiambia: haya, Nyevu, sasa uko mlangoni,
theluji i magotini, miti imekomea chini,
yamebaki mawe, na vijiua vifupi vinavyoogopa upepo,
na kengele za ng'ombe usiowaona.

"Mlango hatukuufunga kamwe," alisema.
"Aliyekutwa na usiku haulizwi jina.
Atakuta kiberiti kikavu, blanketi, kuni zilizopasuliwa;
asubuhi naye atapasua za ajaye, asiyemjua."
Na ufunguo je?
"Aa. Huo wa kabati la mvinyo."

Jumapili nilipanda gari la Marafa.
Pale Nyari ardhi imejibomokea yenyewe,
minara ya udongo, mwekundu chini, mweupe kileleni.
Nikasema theluji ingekaa hapo, kama ingekuwa na akili.
Jua la saa nane. Kanga imenigandama mgongoni.
Nilikuja niutupe ufunguo korongoni.
Sikuutupa. Chuma kizuri kile,
na tundu lake la kamba bado zima.

Ukingoni kuna banda la waongozaji, makuti na benchi moja.
Nikatua mzigo wangu: kuni za mvinje, za shilingi mia mbili.
Nikazipanga kama alivyonionyesha kwa vijiti vya kiberiti,
nene chini, nyembamba juu, pumzi katikati.

Tsuma wa tiketi akanitazama.
"Mama, joto lote hili, nani ataota moto?"
Nikamwambia simjui.
Akasimama kidogo, akakuna shingo,
kisha akazisogeza kule ambako makuti hayavuji.