Mpangaji

Inaanza kama mtu anayetafuna mchanga.
Kisha inapanda, krrr, krrr, mpaka kikombe
kinatembea mezani, na wateja wanachungulia
kuuliza kama nasaga mahindi huku nyuma.
Kisha kimya. Skrini nyeusi, na uso wangu ndani yake.

Tangu Januari.
Na joto la Moshi la Januari mnalijua,
lile la kulainisha mishumaa kabatini.

Nililaumu umeme kwanza, maana ndiyo desturi.
Nikanunua kile kiboksi cha kulinda umeme, elfu themanini,
kikaja na mlio wake. Sasa nikawa na wawili wanaolalamika.
Nikalaumu virusi. Kijana wa jirani akafuta kila kitu
hadi daftari la madeni
(wadaiwa wangu wanamwombea maisha marefu).
Mama Ndeshukurwa wa vitenge akasema ni jicho.
Sikumbishia.
Niliweka chumvi chini ya meza. Kidogo tu.

Jana akaja Aikande, macho mekundu,
na picha ya baba yake amevaa tai.
Ratiba ya mazishi, nakala mia mbili, kesho saa saba, Mwika.
*Marehemu alizaliwa*
ikazima.
*Marehemu alizaliwa mwaka 1948, akasoma*
ikazima.
Mara ya tatu tulifika kwenye ndoa.
Aikande akacheka kicheko cha mtu asiyelala:
"Baba hakupenda habari zake zisemwe."

Nikamwita fundi Nkya, kutoka Kiusa.
Hakuuliza inalia vipi. Aliuliza, ilianza lini?
Na kabla ya hapo ulikuwa wapi wewe?

Nilikuwa nyumbani, mlimani. Desemba nani hubaki mjini?
Tulifunga duka siku ishirini, tukapanda
na sukari, na mafuta, na watoto wenye viatu vinavyobana,
tukachinja, tukagombana kuhusu mpaka wa kihamba,
tukarudi tumenenepa.

Bisibisi. Skrubu nne ndani ya kifuniko cha chupa.
Vumbi lilikuwa zulia.
Juu ya prosesa, grisi imekauka kama ukoko wa ugali.
Na nyuma kabisa, kwenye kidirisha cha feni ya umeme,
nyumba.

Ya udongo. Vyumba vitatu,
imesiribwa vizuri kuliko choo changu.
Nyigu alikuta tundu lenye kivuli, pasipo mwenyewe,
akajenga tonge kwa tonge tulipokuwa tukila nyama.
Tuliporudi nikabonyeza swichi,
na feni ikaanza kumng'ata ukuta.
Hewa haina mlango, joto halina pa kwenda.
"Inajizima isiungue," Nkya akasema, bila kuinua kichwa,
akaomba brashi ya rangi, na pampu ya baiskeli.

Aikande alimshikia tochi ya simu,
baba yake kwapani.

Grisi mpya, punje moja ya mchele.
Elfu kumi na tano, na soda.
Tulipowasha nilidhani imegoma.
Nikasogeza sikio. Ilikuwa inafanya kazi.
Ndipo nikasikia printa inavyomeza karatasi,
nikamsikia Aikande akisoma wajukuu kwa sauti ya chini,
kidole kwenye skrini, mmoja mmoja,
akasimama.
"Tumemsahau Ndetaramo."
Tukamwongeza Ndetaramo.
Mia mbili, na haikuzima.

Asubuhi hii nimefungua duka, na huyo hapo,
yeye au mwanawe,
ananing'inia hewani nyuma ya mashine,
tonge bichi mdomoni. Anagusa waya za kidirisha,
anarudi nyuma, anagusa tena,
kama mtu aliyetoka safari akakuta kufuli jipya.

Kidole changu kiko kwenye swichi.
Chai haijachemka.
Nimevuta kiti.