Nyuzi Nane

Ghorofa ya nne, Ostrava. Nje theluji imeshika masizi,
ndani nina bahari ya lita mia tatu na ishirini
niliyoikoroga mwenyewe kwa ndoo na mwiko wa mbao:
chumvi ya paketi, kipimajoto, na subira ambayo sikuwa nayo.

Wiki ya sita, kona ya kushoto ikavaa utando mwekundu,
laini kama mahameli, wenye viputo vya harufu mbaya.
Niliufyonza Jumamosi. Jumatatu ulikuwa umerudi.
Nikanunua pampu kubwa zaidi. Mchanga ukaruka,
samaki akajibanza nyuma ya bomba kama mdeni aliyesikia hodi,
matumbawe yakafumba vidole vyao vyote,
na kona ya kushoto wala haikushtuka.

Baba akapanda ngazi, akipumzika kila ghorofa.
Miaka thelathini na mmoja alikuwa mtu wa hewa mgodini.
Si mchimbaji, si fundi wa reli: mtu wa hewa,
anayetembea gizani akiuliza kila uchochoro, unapumua?
Hakuvua koti. Aliinama kiooni, akasema,
"Leta sufu ya mama yako. Ile nyekundu."

Tukafunga nyuzi nane kwenye vijiti vya mishikaki,
tukavichomeka mchangani, tukazima taa ya sebuleni.
Tano zilicheza.
Mbili zilisitasita.
Wa nane, nyuma ya jiwe kubwa nililolipenda,
ulisimama tu.

"Hapo hewa imekufa," akasema. Sikumsahihisha.
"Nguvu si dawa, Drahuška. Unapiga kelele
mbele ya mlango uliofungwa. Sogeza jiwe."
Likatoka ukutani upana wa vidole viwili.
Pampu ya zamani akaigeuza ipige kioo cha mbele,
maji yajigonge, yatawanyike, yarudi kwa kupitia nyuma.
Ile mpya akaipunguza, akaipandisha karibu na uso
ikunje maji yapate pumzi. Zipokezane, akasema,
saa sita hii, saa sita hii, kama zamu.

Kisha akavuta kiti.
"Mwaka wa sabini na saba palikuwa na uchochoro mfupi.
Hatua kumi na tano. Niliupita.
Nilisema nitaupima nikirudi.
Vilém Hruška aliingia humo kula mkate wake."
Hakuendelea. Pampu ikaendelea.

Saa tatu usiku uzi wa nane ukatikisika ncha,
ukalala upande, ukaamka, ukalala tena.
Baba akageuza risiti ya pampu, akaandika nyuma yake:
nambari nane, saa tatu na dakika kumi, tarehe, sahihi,
akanikabidhi kana kwamba kuna ofisi itakayoidai.

Utando haukuondoka usiku huo. Ulichukua wiki tatu,
ukibanduka pembeni kidogo kidogo kama rangi ya ukuta.
Nyuzi saba nimezitoa. Mmoja nimeuacha.
Samaki huudonoa kila asubuhi akidhani ni mnyoo,
na Baba akipiga simu, kabla hata ya salamu,
huuliza: "Unacheza?"