Gadi Afuata Kidole

"Shingo itulie," anasema Kalunde, "macho tu ndiyo yatembee."
Kidole chake kinakwenda kushoto, kinarudi kulia,
kina kovu la kisu karibu na ukucha,
nami, gadi wa treni miaka kumi na tisa,
niliyelipwa kutazama upande huu na upande ule,
nakifuata kama mtoto aliyepakatwa dirishani
afuatavyo nguzo za simu: hii, hiyo, ile,
jicho linakimbia, linaruka nyuma, linadaka nyingine.

Chumba kiko Cheyo, nyuma ya ghala la asali.
Nyuki waliopotea wanagonga wavu wa dirisha.
Nilidhani nitapewa vidonge.
Mke wangu alidhani nitanyweshwa kombe.
Nimepewa kidole, na ng'ambo ya pazia
meza ndefu yenye makopo sita ya rangi.

"Uko wapi sasa?"
Stesheni ya Malagarasi. Machi, usiku mzito kama turubai.
Mvua inapiga bati la behewa la mwisho, behewa langu.
"Umeshika nini?"
Taa.
"Rangi gani?"
Hapo kidole kinaendelea, macho yanagoma,
yanakwama kama injini iliyokata pumzi mlimani.
Kalunde hanisukumi. Anashusha mkono, ananimiminia maji.
Nje mtu anabishana bei ya debe.

Wiki ya tatu nikasema: kijani.
Nilionyesha kijani. Njia salama, twende.
Nani angejua kwamba mbele, chini ya mataruma,
maji yalikwisha kula tuta,
reli zikabaki zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo?
Watu huniambia hivyo. Tume iliniambia hivyo,
kwa barua yenye mhuri.
Barua hailali kitandani kwangu.

Kushoto, kulia. Kisha rangi.
Nimechora tuta kwa nyeusi, mto kwa kahawia.
Nimechora buti langu la kushoto mara nne,
maana la kulia lilibaki kule.
Bi Nyanzobe, ambaye hajasema lililompata,
hachori; anafinyanga udongo wa Igombe,
vikombe visivyo na mshikio,
anavibomoa kabla havijakauka.
Juzi alibakiza kimoja.
Hatukupiga makofi. Tulijifanya hatukuona.

Kopo la kijani sikuligusa. Kifuniko kiliganda.

Leo kidole kimekwenda, kimerudi, sijui mara ngapi,
na ghafla sioni taa. Naona ndoo.
Ndoo ya bluu ya binti aliyepanda Nguruka
na mahindi ya kuchemsha, yangali ndani ya maganda yake.
Aliniuzia mawili, akakosa chenji,
akasema, "Nitakupa Uvinza, baba gadi."
Mia mbili.
Nilikuwa nimemsahau kabisa.
Taa ilimfunika.

Nalia, si kwa kishindo;
kama bomba lenye washa mbovu.
"Kaa na hilo," anasema Kalunde, na kidole kinatembea.

Halafu naomba bisibisi, nang'oa kifuniko.
Kijani kimefanya utando juu, kama maziwa. Nautoboa.
Nachora ganda la hindi, jingine, jingine,
marefu, yenye mishipa, yamefumbata punje,
mpaka karatasi haina pa kuweka kitu.
Mkono bado unatetemeka.
Usiku huu huenda nikapiga kelele tena,
na mke wangu atawasha kibatari
aniite jina langu lote, Mgalula mwana wa Kasanda,
mpaka nirudi chumbani.

Bi Nyanzobe anainuka, vidole vina tope,
anasimama juu ya karatasi yangu muda mrefu.
"Mahindi," anasema.
Ndilo neno la kwanza nimsikie akilitamka.
"Ya Nguruka," namjibu.
Anatikisa kichwa kana kwamba anapajua.

Sitaki ile mia mbili. Nataka jina lake tu.
Narudi nyuma ya pazia, naketi,
shingo naituliza mwenyewe kabla sijaambiwa.