Kielelezo Namba 417

Mmea wa kudumu. Kimo: vidole vinne,
si vyangu, vya mtoto.
Mzizi mnene kupita shina, mkaidi,
umezama ukutani kama msumari uliopigiliwa kutoka ndani.
Majani ya chini yana umbo la figo, kingo zina meno;
ya juu membamba, machache,
kama aliyeyachonga aliishiwa na subira.
Vinyweleo vyeupe, vifupi, vyote vimelalia chini.
Nimevihesabu kwa lenzi usiku wa tatu huu, Tbilisi,
chai imepoa, Vakhtang anasinzia juu ya makabrasha.

Ua: moja kwa kila shina, halizidi.
Kengele iliyoinama. Rangi yake
ni nyeusi ya nguo ya msiba
iliyofuliwa hata ikageuka zambarau.
Ndani mna mistari mitano,
barabara ya kinyuki fulani
ambaye naye hatujampa jina.

Makazi.
Hapa kalamu inagoma.
Wahariri wanataka mwinuko, mwamba, mwelekeo wa mteremko.
Naandika: Khevsureti, mita elfu moja mia tisa na arobaini,
mawe na chokaa, upande wa kaskazini.
Siandiki: mnara wa babu zangu, ghorofa ya pili,
kando ya tundu la kufyatulia bunduki,
pale nilipoteremshwa kwa kamba kiunoni,
umri miaka saba, kisu cha jibini mkononi,
na bibi yangu Tsiuri juu, kaishika kamba, anafoka:

        Ng'oa lote na mzizi,
        usinibakizie uzi!

Maana mzizi hufungua njia, maji yakafuata,
maji yakaganda, jiwe likasukumwa na jiwe.
Kila mwaka theluji ikishayeyuka
tulipalilia ukuta kama wengine wapaliliavyo viazi.
Nilijaza ndoo. Ng'ombe alinusa, akageuza shingo.
Tukamwaga mtoni ndoo nzima
ya kitu ambacho sayansi ilikuwa haijakiona.

Kisha barabara ikafika kijijini
na watu wakaitumia kuondoka.
Bibi alibaki majira manne ya baridi, moshi mmoja
kwenye nyumba kumi na moja. Halafu na moshi ule.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, husemwa.
Hatukuziba. Wala hatukujenga.
Mwezi Julai nimepanda tena, safari hii kamba kaishika Vakhtang,
nikakuta ukuta mzima umechanua,
kengele mia tatu na kitu, zinatikisika bila sauti,
na kona ya mashariki ya mnara
iko chini, kwenye upupu.
Huko chini, juu ya mawe yaliyoanguka,
nilitafuta siku mbili. Halimo hata moja.
Haliishi ila kwenye ukuta uliosimama.
Nililiandika hilo kwa penseli, nikalifuta, nikaliandika tena.

Hali ya uhifadhi: taarifa hazijatosha.

Jina: *tsiuriae*.
Vakhtang kaamka, anasoma begani kwangu.
"Huyu Tsiuri ni nani, mtaalamu wa mimea?"
Ndiyo, nikamwambia.
Miaka sitini ya utafiti ukutani, kila masika,
kwa kisu.
"Alilipenda sana, basi."
Alilichukia kama deni, nikasema,
na nyumba ililoishi ni yeye aliyeisimamisha.
Akanitazama, akaenda kuchemsha maji.

Nimelilaza kati ya magazeti, nimelikandamiza,
nimelishonea kwenye karatasi kwa nyuzi tano.
Mwongozo unasema: safisha mzizi, ondoa udongo wote.
Kwenye pindo la mzizi imeng'ang'ania punje ya chokaa,
na ndani ya chokaa unywele mmoja wa mbuzi,
walivyochanganya mafundi wa zamani ili ishike.
Nimechukua brashi.
Nimeirudisha brashi kikombeni.