Neno Linalojulikana Tayari

Februari, Oulu. Digrii ishirini na sita chini ya sifuri,
na betri imezimika tena kabla ya adhuhuri.
Naitia kifuani, chini ya sweta, kama kifaranga,
nangoja ipate joto nianze hesabu upya.

Mimi na Teppo tumegawana msitu:
yeye na kisambazi kule ng'ambo ya mto ulioganda,
mimi na kipokezi na antena nne
juu ya sleji ya mtoto wa dada yake, nyekundu, yenye picha ya sungura.
Nasogea sentimita nne, ishara yote inazama.
Nasogea nne nyingine, imerudi,
kana kwamba haikuwa imekwenda popote.

Mawimbi hayaji kwa njia moja.
Limoja limenyooka, jingine limegonga msonobari,
jingine limepitia bati la banda la sauna, likachelewa.
Yakifika kwangu ama yanabebana
ama yanafutana.
Hiyo ndiyo tasnifu yangu: kurasa tisini za kufutana.

"Usiniandikie *ilipotea*," husema Profesa Lahdenperä,
wino mwekundu vidoleni.
"Andika ilipotea kwa desibeli ngapi."

Basi naandika. Theluji kavu haina neno,
mawimbi huipita kama haipo.
Theluji mbichi, ile ya mwisho wa Machi, huyanywa.
Jedwali la tatu. Jedwali la nne.

Mwaka wa kwanza nilianguka mtihani wa uwezekano, mara mbili.
Alhamisi moja bwaloni, siku ya supu ya njegere,
Teppo aliketi mbele yangu bila salamu,
akachora kwenye karatasi ya kupangusia midomo:
mnara, simu, na katikati yao ukungu wa penseli.
"Mnara hutuma neno ambalo simu inalijua tayari.
Si kwa ajili ya neno lenyewe.
Simu hutazama neno limefikaje,
limepinda wapi, limepungua nini,
ikajua njia ikoje."
Akaimaliza supu yake. Yangu ilikuwa imepoa.

Baba hupiga simu kila Jumapili kutoka Kuusamo.
Miaka thelathini na mmoja alipanda nguzo za umeme,
na bintiye anasomea kuishi bila waya;
hajawahi kulisema hilo, wala mimi.
"Kuna baridi huko?"
"Ipo."
"Ngapi?"
"Ishirini na sita."
"Huku ishirini na tisa."
Kisha kimya, ambacho kwetu hakina mshindo wowote,
ni baba tu anapumua, na saa ya jikoni nyuma yake.
Tangu mama ahamie Turku na yule daktari wa meno
tumekuwa tukipashana halijoto.

Nilidhani hana la kusema.
Kipimajoto anacho, redio anayo,
baridi ya Oulu anaijua kabla hajaniuliza.

Jumapili iliyopita nilisema "ishirini na sita"
kama nisemavyo siku zote.
Sikumwambia kuwa data ya wiki tatu imeharibika,
kwamba kebo moja ilikuwa na ufa na hatukuuona.
Alipumua. Saa ya jikoni ikapiga.
"Haya," akasema, akakata.

Jumatano kifurushi kikaja kwa basi.
Ndani, kifuko cha ngozi ya kondoo
kilichoshonwa kwa uzi wa kazi, mishono mirefu, migumu,
nusu yake ni glavu yake ya zamani, harufu ya lami bado ipo.
Hakuna barua.
Kuhusu betri nilimtajia mara moja tu, Novemba.

Kilitosha barabara.

Leo betri imedumu saa tatu na nusu.
Nimeandika hivyo kwenye jedwali la tano,
na safu ya *sababu* nimeiacha tupu.
Lahdenperä ataizungushia wino mwekundu.
Teppo ananipungia mkono kutoka ng'ambo: tayari?
Nasogea sentimita nne.